Waya wa Kumfikia Dada

Karakana yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, chumba kimoja kisicho na dirisha, na kila aliyeingia ilimbidi ainamishe kichwa. Humo alitengeneza mizani: za wauza nyama, za maduka ya nafaka, za zahanati zinazopimia watoto wachanga, na zile ndogo za sonara ambazo ukipumua tu zinayumba. Watu walimwita Fundi Mizani, na jina lilimganda hata majirani wa ghorofa yake hawakujua lingine. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vidole vyembamba visivyofanana na mwili wake, na maneno machache sana. Mfanyabiashara akimletea mizani na kumnong'oneza aichezee kidogo, hakugomba wala hakuhubiri. Aliitengeneza ikawa sawa, akaikabidhi, akasema tu kwamba amejaribu lakini imekataa.

Mke wake alikuwa mshonaji, naye alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Alishonea sebuleni, cherehani ikiwa karibu na dirisha, na vipande vya vitambaa vilijaa kila kiti, hata mgeni akitaka kukaa ilibidi kwanza apewe mzigo wa kupakata. Watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja na kwake. Juu ya mumewe alikuwa na lalamiko moja tu, nalo ni redio. Kila Jumapili asubuhi Fundi alibeba mkoba wake, akatoka kwa miguu, akapanda kilima kilichokuwa nyuma ya matangi ya maji ya mji, na kukaa huko mpaka jua limchome. Wateja wakimuulizia, mkewe aliwaambia amekwenda kwa mke mwenza, na kwamba yeye mwenyewe ameshamkubali huyo mwenzake, maana hali wala havai.

Redio yenyewe haikuwa ya kusikilizia habari. Ilikuwa ya kuzungumzia, ndogo kama tofali, ya wale watu wenye leseni waliotapakaa duniani na wanaoitana hewani kwa kupenda tu. Nyumbani haikufaa kitu. Jengo lilijaa chaja, taa, majokofu na televisheni, na kila kimoja kilitoa mkwaruzo wake, redio ikalia kama kikaango chenye mafuta ya moto. Kileleni kulikuwa kimya. Na Fundi, ambaye kuongea na mtu uso kwa uso kulimtoa jasho, huko juu hakutumia mdomo. Alitumia msimbo wa Morse, nukta na vistari, kwa kubonyeza kidude kwa kidole.

Baba yake ndiye aliyemfundisha. Mzee alikuwa mpiga simu za maandishi posta, na jioni aliwakalisha watoto wake wawili mezani akawagongea herufi kwa kijiko. Binti, aliyekuwa mkubwa, alizishika kama anakunywa maji. Mdogo wake alikwama kila hatua, na dada yake akampachika jina la Kobe. Wote wawili walifanya mtihani wa leseni, wote wakapita, ingawa dada alimaliza mapema akatoka nje kumsubiri Kobe wake.

Miaka ikapita. Dada akawa mwalimu, akabaki katika mji wa wazazi, ng'ambo ya milima, ndani ya nyumba ile ile. Redio ya baba ilikaa chumbani, na waya wake ulibaki umetandazwa kutoka kwenye paa mpaka kwenye nguzo ya uani, ndege wakiutulia. Dada aliihuisha leseni kila ilipokwisha kwa heshima ya marehemu baba yao, lakini kidude hakukigusa. Angekigusa ya nini? Alikuwa na sauti ya kunyamazisha darasa zima bila kuinuka kitini. Kila wiki alimpigia mdogo wake simu na kumwaga yote: walimu wavivu, bei ya chaki, majirani, mifupa yake. Fundi alitia "ehe" na "usiniambie" mahali pake, na simu ilipokatika alijisikia amekula akashiba.

Kisha sauti ile ikaanza kukwaruza. Dada alisema ni vumbi la chaki. Baadaye akasema ni mafua yaliyokataa kupona. Alipokubali kwenda hospitali, waganga walikuta uvimbe kooni, na wakamwambia wazi kwamba wakitaka kumwokoa lazima waondoe kisanduku chote cha sauti.

Fundi na mkewe walisafiri kwenda kumwona. Walimkuta ameegemea mito, shingo imefungwa bendeji, anapumulia tundu dogo lililo chini ya koo. Alipowaona aliomba karatasi kwa ishara, akaandika kwamba wifi yake amenenepa. Fundi akachukua kalamu, akaandika chini yake kwamba ni kweli. Wakaandikiana hivyo kwa muda mrefu, karatasi ikienda na kurudi, mpaka mkewe alipomgusa bega na kumkumbusha kwamba yeye Fundi bado ana mdomo wake. Dada akacheka. Mabega yalitikisika, machozi yakamtoka, lakini hakukuwa na mlio wowote, na hapo ndipo Fundi alipoelewa kilichoondoka.

Dada aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kidonda kilipona. Ujumbe wake kwenye simu ulikuwa mfupi. Nimeamka. Nimekula. Salamu kwa wifi. Baadaye hata huo ukawa wa kubahatisha. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye na kukatisha tiketi kituo cha mabasi, alimpigia Fundi akiwa kazini.

"Mjomba, mama hatoki nje," alisema. "Wageni wakija anajifanya amelala. Ule ubao mdogo tuliomnunulia wa kuandikia ameugeuza, uso umeelekea ukutani. Na hajagombana nami siku nyingi. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Fundi alikaa na maneno hayo. Jumapili iliyofuata, akiwa kileleni, alimsikia mtu asiyemjua akiita kutoka mbali, na kabla hajaelewa hata herufi moja alijua kwamba mtu huyo amechoka. Mkono ulikuwa mzito. Nukta zilikuja zimelegea, kama mtu anayeburuta ndala. Alishusha kalamu. Wenye kazi hiyo hujua kwamba kila mkono una namna yake ya kugonga, na ukimzoea mtu unamtambua kama unavyotambua hatua zake kwenye ngazi. Fundi alijua hivyo tangu utoto, ila siku hiyo ndipo alipokumbuka kwamba dada yake bado ana mkono.

Alimpigia mpwa wake, naye akafuta vumbi kwenye redio ya babu yake na kumwita fundi wa umeme aikague. Iliwaka. Fundi akamwandikia dada kwamba Jumapili asubuhi atamwita hewani, kwenye masafa aliyokuwa akipenda baba. Jibu likaja: Sawa.

Jumapili hiyo alipanda kilima mapema, roho ikimdunda kama kijana anayekwenda kuposa. Mkononi alikuwa na antena yake aliyoipenda kuliko vitu vyote isipokuwa watu. Ilikuwa fimbo ya chuma yenye kung'aa, ya vipande vinavyochomekana, inayosimamishwa wima juu ya miguu mitatu mifupi, na nyaya nyembamba zinatandazwa chini kuizunguka. Unaisimamisha kabla chai haijachemka. Kwa fimbo hiyo alikuwa ameongea na watu wa ng'ambo ya bahari, na wenzake wa chama cha redio walimheshimu kwa hilo.

Akaita. Akasikiliza. Akaita tena. Watu wa nchi za mbali walimjibu, mmoja baada ya mwingine, wenye adabu na furaha, naye akawashukuru na kuwaomba wampishe. Dada hakujibu. Alikaa mpaka betri ikalegea, akashuka.

Mpwa alimpa habari za upande wa pili. Mama alikuwa ameamka akaoga, akavaa gauni lake la kwendea mikutano ya wazazi, akafunga kitambaa shingoni, akakaa mbele ya redio na kuvaa vipokea sauti. Alikaa hivyo asubuhi nzima. Hakusikia kitu. Mwishowe alizima, akaenda kubadili nguo.

Jumapili ya pili ikawa vile vile, ila gauni hakulivaa. Jioni Fundi alipata ujumbe. "Usijisumbue, mdogo wangu. Hayo ni mambo ya zamani." Mkewe alimwona amesimama jikoni na simu mkononi, akauliza kama kuna msiba. Alimpa asome. Mkewe alisoma, akamtengea chai bila kumtaja mke mwenza.

Kesho yake Fundi aliiacha karakana imefungwa, akaenda kwa mwanachama mwenzake, mwanamke mfamasia mwenye duka la dawa karibu na soko. Mfamasia alikuwa mdogo kwake kwa umri, mchangamfu, na alikuwa akipanda vilima vingi kuliko mtu yeyote katika chama. Alimsikiliza huku akipanga masanduku ya dawa ya kikohozi, kisha akauliza swali moja tu: dada anakaa wapi hasa?

"Nyuma ya milima," Fundi alisema. "Kwa basi ni safari ya asubuhi moja."

"Basi yuko karibu mno," mfamasia alisema. "Fimbo yako haimwoni."

Akamweleza kwa mikono, juu ya kaunta. Fimbo iliyosimama wima hurusha mawimbi chini chini, kuelekea upeo wa macho. Yanakwenda mbali sana kabla ya kugonga anga na kurudi, ndiyo maana Fundi anasikika ng'ambo ya bahari. Lakini kwa mtu aliye jirani, nyuma ya mlima, yanampita juu ya kichwa. Wa mbali wanasikia kila kitu, wa nyumbani hasikii. Kumfikia dada lazima arushe juu, karibu wima kabisa, ili mawimbi yaanguke pande zote kama manyunyu, na milima haitakuwa na la kufanya.

Fundi aliuliza ni antena gani inayofanya hivyo, ingawa alianza kuhisi jibu na hakulipenda. Mfamasia alimtajia alizokuwa nazo. Lilikuwepo duara, kama gurudumu la baiskeli kubwa, jepesi, la kuweka chini na kukaa nalo. Halichoshi magoti, ila lina masikio mazito. Ulikuwepo waya mmoja mrefu wa kuning'iniza kwenye mti, lakini kilima chao kilikuwa kipara, hakina hata kichaka. Na ulikuwepo waya wa miguu miwili, unaoinuliwa katikati kwa nguzo nyepesi na kushushwa huku na huku kama paa la hema. Huo ndio ungemfaa. Tatizo ni kwamba unataka nafasi, unataka kukatwa kwa urefu wake barabara, na katika upepo unataka mikono minne.

Waya wa miguu miwili ndicho kitu cha kwanza anachotengeneza kila anayejifunza. Fundi aliutengeneza akiwa kijana, akautupa siku aliyopata fedha ya kununua fimbo. Aliona haya kurudi huko. Zaidi ya hayo, mikono minne angeitoa wapi? Akaomba aazimwe duara.

Jumapili hiyo alilipeleka kileleni, akaligeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kivuli. Katikati ya mivumo, akasikia kitu. Kilikuwa hafifu, kama panya nyuma ya kabati, kikija na kupotea, na hakuweza kushika herufi hata moja. Lakini kulikuwa na mkono pale. Vistari vya mwisho vilivutwa zaidi kidogo kuliko ilivyotakiwa, kama mwalimu anayemalizia neno ubaoni kwa mkia. Akajibu kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kimya. Akajua kwamba dada yake, baada ya kumwambia asijisumbue, alikuwa amewasha redio.

Alishuka kilima bila kuhisi magoti. Alipoingia nyumbani, kabla ya kuvua viatu, alimwambia mkewe kwamba anahitaji kupimiwa waya, na kwamba anahitaji mtu wa kupanda naye.

Mkewe alisimamisha cherehani. Kisha akatoa futi yake ya kushonea shingoni.

Waliutandaza waya kwenye korido ya ghorofa, maana sebule ilikuwa fupi. Majirani waliuruka wakienda na mifuko yao, wengine wakauliza kama ni wa kuanikia nguo, na mkewe akawajibu kwamba ni wa kumwanika mume. Fundi alipiga hesabu zake kwenye pembe ya gazeti, akashika mkasi wa kukatia waya, na mkewe akamzuia mkono.

"Acha cha kukunjia," alisema. "Kitambaa nikikikata kifupi, mteja ananijia juu na sina la kumwambia. Kikiwa kirefu napunguza."

Fundi alimtazama. Ndivyo hasa inavyopaswa. Baba yake alimwambia hivyo hivyo. Akaacha waya uzidi kila upande. Kwa nguzo walinunua fimbo ya kuvulia samaki, ile ndefu ya kuchomoa pingili ndani ya pingili, na mkewe akashona mfuko wa jinzi wa kuibebea, wenye mkanda mpana ili usikate bega. Fundi hakumwambia kwamba ule mfuko ulikuwa mzuri kuliko wowote aliouona katika chama. Alikuja kuwaambia wenzake, na habari zikamfikia mkewe kwa njia hiyo.

Mkewe hakuwahi kupanda kilima kile. Alipanda akisema. Alisema juu ya mawe, juu ya viatu, juu ya watu wanaoacha vitanda vyao siku ya mapumziko. Walipofika karibu na kilele alinyamaza, akageuka, akautazama mji wote ukiwa umelala chini na matangi ya maji yaking'aa kama vifungo. Aliuliza kama siku zote huwa panakuwa hivi. Fundi akasema ndiyo. Mkewe akasema ingefaa aambiwe mapema.

Upepo ulikuwa mkali. Waliinua nguzo, mkewe akaishika kwa mikono miwili, Fundi akaenda kuufunga mguu mmoja wa waya kwenye jiwe. Aliporudi, nguzo ilikuwa inajirudia ndani yake yenyewe, pingili moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki fupi mkononi mwa mkewe kama mwavuli uliokunjwa. Waliinua tena. Ikashuka tena. Mkewe alifikiri kidogo, akaiweka chini, akafungua mkebe wake wa sindano ambao hakuna mtu aliyejua kwa nini aliupandisha mlimani, akatoa lastiki ya viunoni, akaizungushia kila kiungo na kuikaza. Kisha akavua mtandio wake na kuifungia nguzo kwenye nguzo fupi ya saruji waliyoiacha wapima ardhi. Safari hii ikasimama.

Fundi aliunganisha kipimo kidogo kinachoonyesha ni nguvu kiasi gani inarudi nyuma badala ya kutoka hewani. Ilirudi nyingi, waya ulikuwa mrefu, kama walivyotaka. Akapunguza kila upande upana wa kidole. Mshale ukashuka. Akapunguza tena. Mkewe, aliyekuwa ameshika nguzo huku upepo ukimpeperusha gauni, alimwuliza kama anakata pindo au anakata gauni lote. Mshale ukalala chini kabisa, na Fundi akaweka mkasi mfukoni.

Akavaa vipokea sauti, akakaa juu ya jiwe, akaita. Aliita polepole, herufi za leseni ya dada, kisha zake.

Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole. Lilikuwa kubwa, safi, kana kwamba anagongewa kijiko kwenye meza ile ile.

"KOBE," dada aligonga. "UMECHELEWA."

Fundi aligonga kwamba antena ilikuwa mbaya, na sasa ni nzuri. Dada akauliza nani ameitengeneza. Akamwambia ni wifi yake. Dada akagonga kwamba alijua, isingekuwa kazi ya mwanamume.

Kisha akaanza kusema. Mwanzoni mkono wake ulijikwaa, maana ulikuwa umelala miaka mingi, lakini ukachangamka, na baada ya muda Fundi hakuweza tena kuandika, akafumba macho tu akasikiliza. Alisema mambo ambayo hakumwandikia mtu yeyote. Alisema chakula hakina harufu tena, hata kitunguu kikiungua. Alisema usiku anaogopa kulala, asije akaliziba lile tundu kwa shuka. Alisema wasimletee ubao: maisha yake yote ameandika ubaoni ili wengine wasome na kukua, hawezi kuandika ubaoni kuomba maji. Alisema anakosa kugomba. Kumwandikia mtu kwamba umekasirika, wakati mwenyewe amesimama hapo anasubiri umalize kuandika, ni kazi ya bure. Hasira inapoa kabla ya nukta. Lakini hivi, aligonga, hivi naweza. Na akamgombesha mdogo wake hapo hapo, kwa ile Jumapili aliyomkalisha na gauni la mkutano akisikiliza upepo.

Mkewe aliona machozi yanamtiririka mumewe hadi kidevuni. Hakuweza kuachia nguzo.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Ananigombeza," Fundi alisema.

"Basi amepona," mkewe alisema, na yeye naye akageuza uso upande wa upepo.

Tangu siku hiyo wakawa wanapanda wawili, na Fundi akaacha vipokea sauti, akafungulia spika ili mkewe naye asikie. Zipo Jumapili ambazo anga ilifunga milango na hawakusikia zaidi ya mivumo, na ipo moja ambayo mvua iliwakuta kileleni wakarudi wamelowa kama nguo za kufua. Lakini dada alikuwa pale kila mara, na mpwa alileta habari ndogo ndogo kwa simu: mama ameweka kiti karibu na dirisha la chumba cha redio; mama amemwita mtu aubadilishe ule waya wa uani uliooza; mama amekwenda dukani mwenyewe, akarudi amekasirishwa na mwenye duka, na uso wake ulikuwa mzuri kweli kweli. Mfamasia naye alimsikia hewani siku moja, akamwita, wakaongea. Kisha wengine wa chama. Walimsimulia Fundi kwamba kuna mwalimu mmoja ng'ambo ya milima ana mkono wa ajabu, mwepesi, mwenye mzaha mwingi. Fundi alisema ni dada yake. Wengi wao hawakujua kwamba hana sauti. Hakukuwa na sababu ya kujua.

Mkewe aliokota herufi moja moja bila kufundishwa, kwa kusimama pale tu. Siku moja dada alipokuwa akieleza jambo, mkewe alicheka kabla Fundi hajamtafsiria. Fundi akamtazama, naye akajifanya ameona kitu cha kuchekesha huko mjini. Baada ya hapo mawifi hao wawili wakawa na mazungumzo yao. Dada aligonga, mkewe akajibu kwa kidole kizito, herufi kwa herufi, na Fundi alipojaribu kumsahihisha aliambiwa na wote wawili, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa nukta, asiingilie mambo ya wanawake.

Ile fimbo ya kung'aa alimwachia mfamasia, aliyekuwa akijiandaa kusafiri kwenda kwenye kilele kirefu na kutaka kuongea na watu wa mbali. Hakuidai irudi.

Mwaka uliofuata hospitali ilimpa dada kidude kama tochi ndogo, cha kubana shingoni. Unakibonyeza, unasogeza midomo, nacho kinakutolea maneno. Alijifunza kukitumia akiwa peke yake, mlango umefungwa, na hakumwambia mtu. Siku ya kwanza alipothubutu, alimpigia simu mdogo wake karakanani, katikati ya kazi, na mteja akiwa nje anasubiri.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya bati, bila kupanda wala kushuka, na Fundi alidhani ni watu wa matangazo. Alikuwa karibu kukata.

"Kobe," sauti ikasema. "Ni mimi."

Fundi aliketi juu ya sanduku la vipuri. Alimwambia anamsikia. Alimwambia anamsikia vizuri, kila neno.

"Watoto wa jirani wanasema naongea kama roboti," dada alisema. "Nimewaambia roboti hapigi kofi. Wamekimbia."

Wakacheka, na kicheko cha dada bado hakikuwa na mlio. Kwenye simu kilikuwa ni kimya kidogo tu, naye Fundi akakisubiri kiishe. Halafu dada akamwambia kwamba kesho ataenda shuleni kuwasalimia walimu, na kwamba amepiga ili yeye awe wa kwanza kumsikia. Mlio wa kile kidude ukakatika na kuanza upya.

"Lakini Jumapili ipo?" aliuliza.

"Ipo," Fundi alisema.

"Afadhali. Nina mambo mengi, na hiki kinanichosha shingo."

Alipokata simu, Fundi alikaa kidogo juu ya lile sanduku, viganja vyake magotini. Kisha akapenga kamasi, akasafisha miwani kwa ncha ya shati, akamwita mteja aingie na mizani yake.